Nauli ya mlango huanzia karakana

Mlango, dirisha na fremu ni mizigo inayochukua nafasi kubwa kuliko uzito wake. Fundi asiyejua jinsi nauli inavyopangwa hulipia hewa pale alipodhani analipia mbao, na faida yake huishia njiani.

Chukua fremu moja ya mlango ya mbao ya mtiki, yenye kimo cha mita 2.15, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 15. Ikishaungwa, inakalia karibu theluthi moja ya mita ya ujazo. Mbao yenyewe iliyomo haifiki mita 0.04 ya ujazo, na uzito wake ni kama kilo 25. Kwa hiyo katika kila sehemu nane za nafasi inayochukuliwa na fremu hiyo ndani ya kontena, sehemu saba ni hewa. Mwenye chombo hana haja ya kujua kilichomo katika nafasi hiyo. Kama haiwezi kuuzwa kwa mteja mwingine, wewe ndiye utakayeilipia.

Sasa ichukue fremu ileile kabla haijaungwa: miimo miwili na kipande cha juu, vimepangwa vikalaliana na kufungwa pamoja. Mzigo huo una urefu wa mita 2.15, upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 15. Ujazo wake hauzidi mita 0.05. Mbao ni ileile, uzito ni uleule na mteja ni yuleyule, lakini nafasi imepungua zaidi ya mara sita, na nauli inayopimwa kwa ujazo inapungua kwa kiasi hichohicho.

Tofauti hiyo haikuletwa na bandari, meli, wala bei ya mafuta. Imeletwa na uamuzi uliofanywa karakana, msumari ulipokuwa bado mkononi. Mafundi wetu wanafundishwa kupiga randa, kukata ulimi na tundu, kusoma mchoro na kupaka vanishi. Ni wachache wanaofundishwa namna mzigo wao utakavyosomwa na msafirishaji na afisa forodha. Elimu hiyo ni sehemu ya ufundi, na kuikosa kunatugharimu kazi ambazo tungeweza kuzifanya hapa nyumbani.

Uzito au ujazo, kile kilicho kikubwa

Anayetuma mzigo mdogo kwa meli, wa kuchangia kontena na watu wengine, hutozwa kwa kanuni moja inayojulikana dunia nzima: tani 1 ya uzito hulinganishwa na mita 1 ya ujazo, na kile kilicho kikubwa ndicho kinachotozwa. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoagiza bidhaa Guangzhou wanaifahamu vizuri, ndiyo maana wao huulizana bei ya CBM, yaani mita ya ujazo, si bei ya kilo. Kwa ndege kanuni ni hiyohiyo ila kwa kipimo kingine. Sentimita za ujazo 6,000 huhesabiwa kuwa kilo 1, hivyo mita moja ya ujazo ya mzigo mwepesi hutozwa kama kilo 167.

Tuseme mteja wa Muscat ameagiza milango 10 ya mtiki pamoja na fremu zake. Kila ubao wa mlango una urefu wa mita 2.1, upana wa sentimita 90 na unene wa sentimita 4.5, na uzito wa kilo 55 hivi. Mzigo mzima, milango na fremu, unakaribia kilo 800. Fremu zikiwa zimeungwa na milango imepangwa kando yake, ujazo ni kama mita 4. Ukiuingiza kila mlango ndani ya fremu yake unaokoa kidogo, lakini bado unabaki na mita 3.2. Fremu zikiwa vipande, mzigo wote ni mita 1.3 pamoja na milango. Kwa mfano wa hesabu tu, tuchukue nauli ya dola 100 kwa mita ya ujazo: mzigo wa kwanza unalipa dola 400 na ushei, wa pili dola 320, wa tatu dola 130. Kreti itaongeza kidogo kila upande, na gharama za bandarini nazo hufuata njia hiyohiyo kwa kuwa nyingi hukadiriwa kwa kipimo kilekile.

Mzigo ukikua na kufikia mita 13 hadi 15 za ujazo, kwa kawaida inafaa kuanza kuulizia kontena zima. Hapo pia mtu wa mbao na mtu wa milango hawafuati njia moja. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita 33 za ujazo, la futi 40 karibu mita 67, na la futi 40 lililo refu kwenda juu hufika mita 76. Uzito unaoruhusiwa hauongezeki kwa kasi hiyo, kwani kontena la futi 40 hubeba tani zinazokaribiana na za lile la futi 20. Anayesafirisha mbao nzito za mkongo atafikia kikomo cha uzito huku nusu ya kontena la futi 40 ikiwa tupu, kwa hiyo la futi 20 linamfaa zaidi. Mwenye milango na madirisha hujaza nafasi kabla uzito haujamtisha, naye kontena kubwa ndilo rafiki yake.

Barabarani kuna kikomo kingine. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na kila ekseli ina kiwango chake. Mizani ya barabarani inamhusu sana mwenye mbao, na kwa nadra mwenye fremu. Lori lililojaa fremu zilizoungwa linaweza kupita mizani zote za barabara kuu bila kugusa nusu ya uzito unaoruhusiwa, lakini linakunywa dizeli, dereva wake analipwa, matairi yake yanachakaa. Gharama hizo zote zinagawanywa kwa bidhaa chache zilizomo.

Madaraja ya Marekani

Nchi iliyoufanya upangaji wa mizigo kuwa taaluma kamili ni Marekani. Mwaka 1887 Bunge lake lilipitisha Sheria ya Biashara baina ya Majimbo, na tume ya kusimamia reli ikaundwa, baada ya wakulima na wafanyabiashara wadogo kulalamika kwamba kampuni za reli ziliwatoza bei tofauti kwa mzigo uleule. Haki ya nauli ilihitaji jibu la swali moja: mzigo gani ni sawa na mzigo gani? Yakatengenezwa madaftari makubwa ya madaraja, kila bidhaa ikiwa na mstari wake. Malori yalipoanza kushindana na reli, sheria ya mwaka 1935 iliyaweka chini ya tume hiyohiyo, na mwaka uliofuata daftari la madaraja ya malori likaanza kutumika. Lipo hadi leo.

Daftari hilo lina madaraja 18, kuanzia daraja la 50 lililo nafuu hadi la 500 lililo ghali. Mzigo huwekwa katika daraja kwa kuangalia mambo manne: uzito wake kulinganisha na nafasi unayochukua, yaani densiti, urahisi wa kuupanga pamoja na mizigo mingine, urahisi wa kuushika na kuupakia, na hatari ya kuvunjika, kuibwa au kuharibu vya wengine. Kazi za mbao za ujenzi zinaguswa na mambo yote manne. Fremu iliyoungwa ina hewa, haikubali kuwekewa kitu juu, inahitaji watu wawili kuibeba na kona zake hupasuka. Dirisha lenye kioo lina matatizo hayo yote, na kioo juu yake.

Tarehe 19 Julai 2025 daftari hilo lilianza mageuzi makubwa. Bidhaa nyingi zilizokuwa na daraja kwa jina lake zilihamishiwa kwenye jedwali moja la densiti lenye ngazi 13. Mzigo wenye uzito chini ya pauni 1 kwa futi ya ujazo huingia daraja la 400, na wenye pauni 50 au zaidi huingia la 50. Fremu yetu ya mtiki ikipimwa kwa jedwali hilo ikiwa imeungwa, ina pauni 4.8 kwa futi ya ujazo, nayo inaangukia daraja la 175. Ikiwa vipande, inapanda hadi pauni 32 na kushuka daraja la 60. Ndugu zetu wengi walioko Marekani wanafanya kazi kwenye maghala na malori, nao wanajua kinachofuata kwa mtu anayeandika daraja la chini ili apate nafuu. Kwenye vituo vya kupakulia mizigo kuna mashine zinazopima urefu, upana na kimo kwa mwanga, mzigo hupangiwa daraja upya, na bili ya pili humfikia mtumaji akiwa ameshamtoza mteja wake bei ya mwisho.

Mfumo huo una kasoro zake, na kwa miaka mingi wateja wadogo wamelalamika kwamba hawauelewi. Ila una jambo moja ninalolitamani kwetu: sababu ya bei imeandikwa. Fundi wa huko anayetaka kulipa kidogo anajua abadilishe nini.

Korja za boriti

Pwani yetu haikuwa ngeni katika kupanga mbao kwa madaraja. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Oman, Kuwait na Bahrain yalikuja na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni miti ya mikoko kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu. Nchi zile zenye jangwa zilihitaji miti ya kuezekea. Miti ilipangwa kwa unene: fito, kisha pau, mazio, boriti na nguzo, na kuendelea hadi minene kabisa. Ilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kila daraja lilikuwa na bei ya korja yake. Baharia Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, alishuhudia biashara hiyo huko Rufiji.

Mpango ule ulikuwa na akili ya usafirishaji ndani yake. Miti iliyokatwa kwa urefu unaolingana hulala vizuri tumboni mwa chombo na haiachi mapengo. Urefu huo ukaingia hadi kwenye majengo: vyumba vya nyumba za mawe za Unguja, Lamu na miji ya Ghuba ni vyembamba, vingi havifiki mita 3, kwa kuwa dari iliishia pale boriti ilipoishia. Nyumba ilikubali kipimo cha mzigo. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ili kuilinda, na biashara ya zamani ikafifia, lakini somo lake halijachakaa. Mbao inayosafiri vizuri ni ile iliyopangiwa safari tangu inapokatwa.

Mlango wa nakshi wa pwani nao una siri hiyohiyo. Una miimo, kizingiti, mbawa mbili na mfaa wa katikati, vipande vinavyoshikana kwa ulimi na tundu. Ufundi wa aina hiyo, uliozoea kazi ya vipande, uko karibu zaidi na matakwa ya kontena la leo kuliko fremu iliyopigwa misumari na kupakwa rangi juu ya viungo.

Kusafirisha maji kutoka Mafinga

Wakati milango hulipia hewa, mbao hulipia maji. Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa ya serikali nchini Tanzania, na mbao zake za misindano hufika Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Kenya. Soko la Kenya lilipanuka hasa baada ya nchi hiyo kusitisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018.

Msindano uliopasuliwa leo unaweza kuwa na kilo 900 au zaidi kwa mita ya ujazo. Ukikaushwa hadi asilimia 12 ya unyevu, mita hiyo hiyo inabaki na kilo 480 hivi. Zilizopotea ni zaidi ya kilo 400 za maji. Lori lenye uwezo wa tani 30 likipakia mbao mbichi litasimama kwenye mita 33 za ujazo. Likipakia mbao kavu linaweza kuchukua karibu mita 60. Safari ni ileile ya takriban kilomita 580 kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam, kwa dereva yuleyule na dizeli ileile. Mwenye mbao mbichi amelipa nauli ya maji yatakayokauka bure kwenye jua la Buguruni, na mbao zikikauka huko ndipo zinapopinda na kupasuka mbele ya mteja.

Hapo ndipo inapoonekana sababu ya kiuchumi ya jambo tunalolipita kila siku. Miti iko Mafinga, Njombe na Makambako, lakini wanaochonga milango wako Keko, Dar es Salaam. Mbao zilizopasuliwa zinapangika vizuri kwenye lori, milango iliyokamilika haipangiki, kwa hiyo karakana hukimbilia karibu na mteja. Nauli ndiyo iliyoamua mahali pa kazi. Kijana wa Mufindi anabaki na kazi ya kubeba magogo na kupasua mbao kwa mashine ndogo, ambazo mara nyingi hutoa mbao chini ya nusu ya gogo. Thamani ya mlango inatengenezwa mbali naye.

Nauli hiyo haikuteremka kutoka mbinguni. Mafinga ikiwa na matanuru ya kukaushia na mashine za kukata viungo kwa usahihi, inaweza kutoa fremu za vipande zilizopigwa namba, milango iliyopangwa bapa na madirisha yasiyo na vioo, vikapakiwa kama mbao na kulipa nauli inayokaribia ya mbao. Vioo vinawekwa mjini. Vumbi la mbao na vipande vilivyobaki vinawasha moto wa tanuru palepale, badala ya kusafirishwa vikiwa ndani ya mbao ambazo fundi wa mjini atazipiga randa na kuzitupa.

Bila shaka fremu ya vipande inadai zaidi kwa fundi. Kiungo kikikosea milimita mbili, hakuna nyundo ya kukificha, kwa sababu anayekiunga yuko Muscat au Mwanza na hakujui. Kila kipande kinahitaji alama, mchoro wa kuunga na skrubu zake kwenye mfuko. Mteja naye atamlipa mtu wa kuunga, na gharama hiyo iingie kwenye makubaliano mapema. Hata baada ya kuhesabu hayo, mzigo mkubwa bado unaokoa fedha nyingi, na kazi ya kiwango hicho inamjengea fundi jina.

Forodha ina kitabu chake

Msafirishaji anauliza mzigo unachukua nafasi gani. Forodha inauliza mzigo ni kitu gani. Wengi huchanganya maswali haya mawili na kuingia hasara.

Mfumo wa Uwianishaji wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu mwaka 1988, huipa kila bidhaa namba ambayo tarakimu zake sita za kwanza ni zilezile katika nchi na maeneo ya forodha zaidi ya 200. Mbao zilizopasuliwa zenye unene unaozidi milimita 6 ni 4407. Mbao zilizopigwa ulimi na mfereji, kama za dari na sakafu, ni 4409. Milango, madirisha, fremu na vizingiti ni 4418, na tangu mwaka 2022 namba hizo zinatenganisha milango na madirisha ya mbao za kitropiki na mengine. Mapambo ya mbao yana 4420, na samani ziko sura ya 94. Ni hatua moja tu kutoka kabati la ukutani hadi sehemu ya jengo, lakini ushuru unaweza kubadilika kabisa: katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, samani kutoka nje ya jumuiya ziliwekwa katika kiwango cha asilimia 35 kilichoanza Julai 2022.

Kanuni moja ya mfumo huo inafaa kuwekwa ukutani katika kila karakana. Bidhaa iliyovunjwa vipande kwa ajili ya safari huhesabiwa kuwa bidhaa kamili. Kwa meli, fremu ya vipande ni mzigo tofauti na fremu iliyoungwa. Kwa forodha, zote ni 4418. Anayedhani kwamba akivunja fremu anaweza kuandika "mbao" kwenye ankara amefanya udanganyifu, na mzigo wake unaweza kushikiliwa. Nafuu ya vipande iko kwenye nauli peke yake, na hiyo inatosha.

Jina sahihi linaweza hata kumsaidia fundi. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, uliofanyika Panama Novemba 2022 uliiweka jamii ya mninga na ya mkongo ya Afrika katika Kiambatisho cha Pili, na utekelezaji ukaanza 23 Februari 2023. Udhibiti huo unagusa magogo, mbao zilizopasuliwa, plaiwudi, mbao za kubandika na zile za 4409. Mlango uliokamilika haumo katika maelezo hayo. Ila ankara ikiandika "mbao za mninga" huku ndani ya kreti kuna milango, afisa wa nchi inayopokea atafuata kilichoandikwa. Kila hati iseme jambo moja: hati ya mazao ya misitu, ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena. Mwenye shaka ana haki ya kuomba uamuzi wa awali wa namba ya bidhaa kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla hajasafirisha.

Kreti nayo ina sheria. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 inataka mbao ghafi za kufungashia zenye unene unaozidi milimita 6 zitibiwe, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30, kisha zipigwe muhuri. Mlango mzuri wa mtiki unaweza kuzuiwa bandari ya mbali kwa sababu ya kreti ya misindano isiyo na muhuri. Kreti ya plaiwudi haiguswi na sharti hilo, nayo ni nyepesi zaidi.

Wanaonunua milango ya zamani na kuipeleka nje wawe waangalifu zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Urithi huo si bidhaa ya kutafutiwa nauli nafuu. Kinachofaa kusafiri ni kazi mpya za mafundi walio hai.

Kwa biashara ndani ya jumuiya, fundi mdogo ana mlango ulio wazi ambao wengi hawautumii. Bidhaa zilizotengenezwa hapa huingia nchi jirani bila ushuru zikiwa na cheti cha uasili, na kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kipo cheti rahisi kinachotolewa mpakani.

Bei isiyo na maelezo

Tatizo letu kubwa la nyumbani ni kwamba nauli ya mzigo haina maandishi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hutangaza nauli za abiria, na abiria akizidishiwa anajua pa kulalamika. Fremu inayotoka Iringa kwenda Morogoro hupangiwa bei kwa jicho, kando ya barabara, na utingo aliyekwisha kuona kwamba mwenye mzigo ana haraka. Leo fremu tano zinatozwa kwa idadi, kesho kwa nafasi, keshokutwa kwa sura ya mteja. Katika hali hiyo fundi hana sababu ya kufunga mzigo wake vizuri, kwa sababu hakuna anayemlipa kwa nafasi aliyookoa.

Serikali haihitaji kumpangia kila mwenye lori bei. Inatosha kwamba anayetoza nauli ya mzigo mdogo aandike kipimo chake: ni kiasi gani kwa kilo, ni kiasi gani kwa mita ya ujazo, na ziada gani kwa kisichopangika au kinachovunjika. Futi kamba na mizani viwepo kwenye kila kituo cha kupokelea mizigo, na risiti ionyeshe vipimo vilivyotumika. Wamiliki wa mabasi na malori wangefaidika pia, kwani fundi akianza kuleta vifurushi bapa, gari lilelile litabeba wateja wengi zaidi.

Vyuo vya ufundi stadi vya VETA na Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi vina uwezo wa kuingiza somo hili katika mafunzo ya useremala bila gharama kubwa. Mwanafunzi anayeweza kupima eneo la ubao anaweza kupima ujazo wa mzigo. Mtihani wake wa mwisho usiishie kwenye kuunda mlango: auunde, auvunje, aupime, aufunge, aandike ankara yenye namba sahihi, kisha mwenzake auunge kwa kufuata mchoro wake. Anayefaulu hapo anaweza kumuuzia mteja wa Kampala au Muscat bila kumwona uso kwa uso.

Mafundi wenyewe wana hatua ambayo haingoji mtu. Kabla ya kutaja bei kwa mteja wa mbali, waulize msafirishaji maswali matatu: anatoza kwa kipimo gani, kiwango chake cha chini ni kipi, na ni kipimo gani kikizidi mzigo huhesabiwa kuwa mgumu kupakiwa. Majibu hayo yakae kwenye meza ya kuchorea, karibu na futi na penseli, kwa sababu ndipo yatakapobadilisha unene wa kifurushi. Mafundi wanne wa mtaa mmoja wakikusanya mizigo yao pamoja wanaweza kujaza kontena ambalo hakuna hata mmoja wao angelijaza peke yake.

Tunayo misitu ya kupandwa, tunao mafundi wenye mikono iliyorithi nakshi za pwani, tunazo bandari zinazotazama Ghuba na India. Kinachopotea kati ya karakana na mteja ni fedha ya kazi halali ya watu wetu, na sehemu kubwa yake hulipia maji na hewa. Fedha hiyo inaweza kurudi mfukoni mwa seremala kwa tanuru la kukaushia, futi kamba na bei iliyoandikwa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachotushinda.